Kamba mukononi mwa Iyangura

Bandugu wa machimbo, mnajua vile inakuwaka: mwenye kushuka shimoni anaacha mutu juu. Kamba ikitikisika, tunajua angali anatumika. Ikitulia, roho zinashituka, hata za bamama walio mbali huku Goma.

Sasa musikie. Banyanga wa Walikale walisimulia habari hiyo mbele ya watu kujua kasiterite ya Bisie. Shemwindo, shefu wa Tubondo, alikataza wake zake kuzaa mutoto mwanaume. Mwindo akazaliwa hivyo hivyo, anatembea na kusema. Baba akamufungia ndani ya ngoma, akamutupa mutoni. Kijana akapona, akarudi na nguvu. Baba akakimbilia chini ya udongo, kwa Muisa. Mwindo akaamua kumufuata. Mbele ya kushuka, akamupa shangazi yake Iyangura ncha ya kamba: isipotikisika tena, ujue nimekufa.

Siku moja ikatulia kweli. Mukaba wa Muisa ulikuwa umemuangusha Mwindo kule chini. Huku juu Iyangura akalia.

Usinga wake, ule wanaouita conga, ndio ulimuamusha. Alirudi na baba yake muzima. Hakumuua, wakagawana inchi.

Tunaijua yote kwa sababu ya Rureke, fundi wa masimulizi. Katika 1956, mbele ya Daniel Biebuyck, Mubelgiji muchunguzi wa mila, aliimba, akacheza na kusimulia kwa siku 12. Na mwenyewe alisema hakuwa amewahi kuisimulia yote mufululizo! Watu walizoea vipande. Ndiyo maana wengine wanajiuliza kama hadithi ile ndefu ilikuwako mbele ya mugeni kuiomba. Sisi tunaona ilikuwako, kichwani mwa fundi. Tena kipande hakikuwa upungufu, ndicho chakula cha kila jioni.

Kitabu kilitoka Marekani katika 1969. Biebuyck alikitengeneza pamoja na Kahombo Mateene, Munyanga na mutaalamu wa lugha. Ndani mna Kinyanga na Kingereza. Watoto wetu wa Goma wanasoma Kifaransa, wanacheza kwa Kiswahili. Basi kinawasaidia nini?

Lakini mabibi wako, na simu inarekodi. Mwenye kwenda Walikale wiki hii aanze na kipande cha kamba tu. Amuulize bibi yake: ile siku kamba ilipotulia, Iyangura alilia namna gani?