Wino Mwekundu Ndani ya Simu

Ramadhani nilifuturu Embu kwa rafiki yangu. Binti yake, asomaye Juzuu Amma, alinionyesha Kurani katika simu ya babake: herufi nyeusi, irabu nyekundu, kama misahafu ya mkono ya wazee wetu.

Kesho yake tukafika Meru kwa nyanya yake. Akaufungua ukurasa ule ule katika simu kuukuu ya nyanya. Yote yakatoka meusi. Mtoto akakwama. “Mjomba, irabu zimekwenda wapi?”

Zilikuwapo. Chapa ile ya herufi, Amiri, ni kazi ya Khaled Hosny wa Misri, na rangi zimo ndani ya herufi zenyewe. Lakini programu ya kufungulia kurasa sharti ijue kuzisoma: Firefox yazijua tangu 2014, Chrome tangu 2018. Isiyojua huchora yote kwa rangi moja. Fat'ha hubaki fat'ha.

Nikaiweka simu kando, nikamwandikia ba na fat'ha kwa kalamu ya risasi. Akatazama kitambo, kisha akasoma: “Ba.”

Wazazi wenzangu, rangi ni msaada mwema. Ila mtoto naajue na alama yenyewe, asije akapotea siku rangi isipotokea.