Nakala Ngapi? Juu ya kukusanya vitabu vilivyochapwa kwa uchache

Wengi wakishika kitabu hutazama jalada, kisha jina la mwandishi. Mimi hukigeuza nyuma kwanza. Natafuta ile mistari michache ya mwisho inayosema kitabu kilichapwa wapi, na nani, kwa herufi gani, juu ya karatasi ya namna gani, na kwa nakala ngapi. Mistari hiyo huitwa kolofoni. Kwa mkusanyaji wa vitabu vya nakala chache, kolofoni ni cheti cha kuzaliwa cha kitabu: hapo ndipo mchapaji anapotoa neno lake kwamba nakala ni kadhaa, wala hazitaongezwa.

Desturi hii, kwa sura tunayoijua leo, inadaiwa sana na Mwingereza William Morris. Mwaka 1891 alianzisha matbaa yake, Kelmscott Press, kwa kuchukizwa na vitabu vya viwanda vya wakati wake: karatasi dhaifu, wino wa kijivu, herufi nyembamba zisizo na uhai. Alibuni herufi zake mwenyewe, akatafuta karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, akachapa taratibu. Kitabu chake kikubwa, kazi za Chaucer zenye michoro 87 ya Edward Burne-Jones, kilimalizika mwaka 1896, miezi michache kabla hajafariki. Nakala 425 zilikuwa za karatasi na 13 za ngozi. Uchache huo ulikuwa wa hiari. Morris angeweza kuchapa nyingi zaidi, akakataa.

Mwanafunzi wa Kiswahili atauliza: sisi hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu lugha yetu nayo ilipita katika matbaa ndogo za namna hiyo, na mapema. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia ambao vijana waliookolewa utumwani walijifunza kuuendesha. Kabla kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili hakijatoka London mwaka 1870, vijitabu vyake vya kwanza vilikuwa vimekwisha kuchapwa palepale kisiwani, kimojawapo juu ya Kishambala mwaka 1867. Herufi zilipangwa moja moja kwa mkono, na mikono hiyo ilikuwa ya vijana ambao majina yao hayakuwekwa juu ya jalada.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1934. Huko Medstead, kijiji cha Hampshire nchini Uingereza, William Hichens, aliyekuwa amefanya kazi ya utawala Afrika Mashariki, alikuwa na matbaa aliyoiita Azania Press. Mwaka huo ilitoa utenzi wa Mwana Kupona, ulioandaliwa na Hichens pamoja na Alice Werner, mwalimu mkubwa wa Kiswahili wa London. Werner alikuwa ameutoa utenzi huo mara ya kwanza mwaka 1917, katika mfululizo wa Chuo Kikuu cha Harvard. Sasa aliurudia katika kitabu kidogo, na mwaka uliofuata akafariki. Hebu fikirini safari hiyo: maneno ambayo mama wa Pate aliyatunga katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya binti yake, yanachapwa kijijini Uingereza na mtu aliyeyapenda. Hati za Kiswahili alizokusanya Hichens ziko leo katika maktaba ya SOAS, London, na hati hizo zina thamani kuliko kitabu chochote alichokichapa. Lakini bila mapenzi ya kitabu sidhani kama angezitunza hati.

Mpaka hapa nimesema juu ya uchache wa hiari. Lubumbashi imenifundisha uchache wa aina nyingine, ule wa lazima, na huo ndio ninaoukusanya.

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla mji huu haujabadilishwa jina, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu juu ya historia ya Elisabethville. Mwandishi alikuwa André Yav. Kinajiita “Vocabulaire”, lakini anayekifungua kutafuta orodha ya maneno hataipata. Ni historia ya Kongo na ya mji wetu kama walivyoiona maboi: waliopika, waliofua, waliosimama nyuma ya kiti mezani wakisikia yote. Kilipigwa kwa taipureta na kutolewa kwa roneo. Hakuna herufi za risasi, hakuna karatasi ya mkono, na hesabu ya nakala hakuna aliyeiandika. Kama Johannes Fabian asingekitoa tena mwaka 1990, huko Amsterdam, akisaidiwa na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, wengi wetu tusingekijua.

Jinsi walivyofanya kazi hiyo inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa kitivo chetu. Maandishi ya Yav yanaunganisha maneno tunayoyatenga, yanatenga tunayoyaunganisha, na alama za vituo zina njia zake. Ukiyatazama kwa macho tu unakwama. Kwa hiyo Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na sauti ikarudisha maana. Kitabu cha 1990 kinatoa picha ya kurasa zenyewe, kisha maandishi yaliyonyooshwa kutokana na usomaji huo, kisha tafsiri. Bila ile picha, tungebaki na Kiswahili cha Yav kilichokwisha kunyooshwa na wengine. Pamoja nayo, kila mmoja wetu anaweza kubishana na wasahihishaji. Mimi nabishana nao mara kwa mara.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wa Ulaya. Wao wakipata nakala namba 7 kati ya 50, thamani yake iko katika zile 49 zilizo mikononi mwa wengine na katika zile ambazo hazitachapwa kamwe. Nakala ikifichwa kabatini, bei hupanda. Kwetu, kijitabu cha roneo kikifichwa kabatini kinakufa huko. Huenda ndicho cha mwisho, na mwenye nacho hana njia ya kujua.

Wenye kuuza wenyewe hawajui wanachouza. Siku moja mjini nilimwuliza mzee mmoja wa vitabu vya barabarani bei ya bunda lililofungwa kamba. Akanijibu, “Ile haina kitabu, mwana. Ni makaratasi tu.” (Wenzangu wa isimu wataipenda ile “haina” mahali ambapo sanifu ingesema “si”.) Ndani ya bunda kulikuwa na silabusi mbili za zamani, kanuni za chama cha kusaidiana, na mchezo wa kuigiza usio na jina la mwandishi. Nilinunua yote.

Utajuaje umeshika nini? Kitabu cha herufi za risasi kipapase nyuma ya ukurasa: mara nyingi herufi zimebonyea, kidole kinazisikia. Cha roneo hakina mbonyeo. Wino umepita katika matundu ya karatasi ya nta, kwa hiyo kingo za herufi zina ukungu, na karatasi ni ya kunywa wino, yenye mkwaruzo. Tazama herufi “o”: kama mpigaji alikuwa na mkono mzito, taipureta ilikata duara lote, na “o” imekuwa doa jeusi. Wino wa zambarau ni wa mashine nyingine, ile ya spiriti; huo hufifia kwa mwanga, basi usiuweke dirishani hata kwa siku moja. Kurasa za ofseti ni laini, hazina hili wala lile. Stensili moja haikutoa nakala bila mwisho, ilichoka, ikachanika. Ukiona kijitabu kimoja kina ukurasa uliopigwa kwa taipureta tofauti na nyingine, jua stensili ilikufa njiani na ukurasa ukapigwa upya. Hapo una matoleo mawili katika kijitabu kimoja, na kazi nzuri ya mwisho wa mwaka kwa anayeitaka.

Kuhusu kutunza, adui ni watatu: mchwa, mvua ya Novemba hadi Machi, na pini za chuma. Pini hutoa kutu, na kutu hula karatasi. Zitoe polepole, funga kwa uzi wa pamba. Usitumie utepe wa gundi; baada ya miaka huacha alama ya kahawia isiyotoka. Usifunge kwa gazeti, asidi yake huhamia. Acha nafasi kati ya rafu na ukuta. Andika kwa penseli tu. Na kabla ya lolote, piga picha kila ukurasa, pamoja na mgongo na kurasa tupu, kisha mpe mwingine nakala ya picha hizo.

Kwa kila kijitabu ninaandika kadi: urefu na upana, idadi ya karatasi, aina ya uchapaji, nilipokipata, na makosa ya taipureta, kwa maana mashine ina mwandiko kama mtu. Ule mchezo wa kuigiza usio na jina una karatasi 18, na herufi yake “k” imekatika mguu wa kulia kila inapotokea. Katika kanuni za chama cha kusaidiana, “k” ni hiyohiyo. Mwenye kijitabu chochote cha zamani chenye “k” ya namna hiyo, hata kama ni makaratasi tu, ninaomba anioneshe.