NJIWA ASIYE NA DAMU
Jinsi Waamerika wanavyojifunza kulenga shabaha inayoruka

Katika vijiji vyetu mtu akisikia mlio wa bunduki huuliza mara moja: Kuna nini? Nguruwe mwitu wameingia shambani, au mtu amepatwa na ubaya? Kwetu bunduki hailii bure.

Lakini katika miji midogo ya Marekani, hasa jioni za majira ya joto, mgeni aweza kusikia milio mia na zaidi kutoka kiwanja kimoja, na hakuna anayekimbia. Akisogea karibu atawaona watu watano wamesimama mstari mmoja: pengine mkulima, fundi wa magari, mama wa watoto, bibi mwenye mvi, na mwanafunzi wa shule. Kila mmoja ana bunduki. Mchezo ukiisha, hakuna kilichokufa, hata ndege mmoja.

Mchezo huo huitwa trapu, neno la Kiingereza lenye maana ya mtego. Hapa tutaeleza ulivyoanza, unavyochezwa, na hasa jinsi mtu anavyofundishwa katika klabu. Maana yako mambo katika mafundisho yale yanayomfaa hata mzazi ambaye hatashika bunduki maisha yake yote.

Asili ya jina

Zamani Waingereza walikuwa wakiwafungia njiwa hai katika visanduku. Kamba ikivutwa, kifuniko hufunguka, njiwa huruka, na mpigaji humlenga hewani. Visanduku hivyo viliitwa mitego, na jina likabaki. Hata leo mpigaji akitaka shabaha yake husema kwa sauti: “Vuta!” Siku hizi hakuna anayevuta kamba. Katika klabu nyingi mashine ya umeme huisikia sauti yake na kurusha shabaha mara moja.

Mchezo ukavuka bahari. Habari ya kwanza iliyoandikwa juu yake huko Marekani ni ya mwaka 1831, katika mji wa Cincinnati, ulio kando ya mto Ohio. Tafadhali, msomaji, ukumbuke jina la mji huo, kwa kuwa tutarudi huko mara mbili.

Ndege waliodhaniwa hawataisha

Wakati ule Marekani ilikuwa na njiwa wahamaji, wengi kupita kuhesabu. Kundi likipita, jua lilifichwa kama kwa wingu, na kupita kwake kuliweza kuchukua saa nyingi. Watu wakasema: Hawa hawawezi kwisha. Basi wakawapiga kwa bunduki, wakawanasa kwa nyavu, wakapeleka nyama yao mijini kwa magari ya moshi. Misitu walimotaga ikakatwa. Wengine walikamatwa wakiwa hai, wakatumiwa kama shabaha za michezo. Mwaka 1881, katika mashindano ya Coney Island karibu na New York, walitumiwa njiwa wapatao 20,000.

Hatusemi kwamba wapiga shabaha peke yao ndio waliowamaliza. Biashara ya nyama na kukatwa kwa misitu ndiyo mambo yaliyowaangamiza zaidi. Lakini nao walikuwa na sehemu yao.

Hata hivyo wako watu waliokuwa wameanza kutafuta njia nyingine. Kwanza walirusha mipira ya kioo, mingine imejazwa manyoya ili ikivunjika ionekane kama ndege aliyepigwa. Lakini vigae vya kioo vilijaa kiwanjani. Ndipo mwaka 1880 George Ligowsky, mtu wa Cincinnati, alipobuni kisahani cha udongo kinachoruka kwa kuzunguka. Inasemekana alipata wazo hilo alipoona watu wakirusha makombe yakarukaruka juu ya maji, kama watoto wetu wafanyavyo kwa vijiwe ziwani. Kisahani hicho kikaitwa njiwa wa udongo.

Kumbe dawa ilikuwa imepatikana! Lakini ni nani aliyeiharakia? Mashindano makubwa ya kupiga njiwa hai yaliendelea hadi mwaka 1902. Kwa njiwa wahamaji dawa ile ilichelewa. Tarehe 1 Septemba 1914, katika bustani ya wanyama ya mji ule ule wa Cincinnati, alikufa njiwa jike aliyeitwa Martha. Huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho wa kabila lake duniani.

Kiwanja kilivyo

Njiwa wa udongo wa siku hizi si wa udongo tena. Hutengenezwa kwa lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Upana wake ni kama inchi 4 na robo, yaani ukubwa wa kisahani kidogo, na uzito wake ni kama gramu 100. Mashine hufichwa ndani ya kibanda kifupi kilichochimbiwa ardhini. Wapigaji watano husimama nyuma ya kibanda hicho, mbali nacho yadi 16. Mashine hugeukageuka kulia na kushoto, wala mpigaji hajui kisahani kitaelekea wapi. Kisipopigwa, chaweza kufika yadi 50 kabla ya kuanguka.

Bunduki ni ya marisau. Ganda moja la risasi huweza kuwa na chembe ndogo karibu 400, nazo hutawanyika hewani kama mbegu zilizotupwa kwa mkono. Mtu asiyejua atasema: Kwa chembe 400 nani atakosa? Ajaribu! Kisahani hutoka kwa mwendo wa maili zaidi ya 40 kwa saa. Mpigaji ana nafasi ya kama sekunde moja tu ya kukiona, kukifuata na kukivunja.

Kila mpigaji hupiga mara tano pale aliposimama, risasi moja kwa zamu. Kisha wote husogea mahali pamoja kuelekea kulia, na aliye wa mwisho huzunguka nyuma kuja mwanzo. Wakimaliza mahali pote patano, kila mmoja amepiga mara 25. Mwandishi wa alama huhesabu visahani vilivyovunjika. Kipande kikionekana kimemeguka, hata kiwe kidogo, ni alama. Lakini kama ni vumbi tu lililotoka, kisahani huhesabiwa kimepotea. Vumbi si kitu.

Somo la kwanza: kutopiga

Sasa tumfuate kijana mmoja anayekwenda klabuni mara ya kwanza, pengine pamoja na babaye. Amekuja na hamu ya kusikia bunduki ikilia. Lakini mwalimu hampi risasi. Humpa maneno.

“Mwanangu,” humwambia, “hesabu kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umeitazama sasa hivi. Mdomo wake usielekee kwa mtu kamwe. Kidole chako kisiguse pale pa kuvutia mpaka uwe tayari kupiga.”

Kisha humwonyesha namna ya kuikunjua bunduki ili tundu la risasi liwe wazi na kila mtu alione. Kiwanjani bunduki hubebwa hivyo, iko wazi na haina kitu ndani. Haifungwi mpaka mwenyewe awe amesimama mahali pake na zamu yake imefika. Miwani ya kukinga macho na viziba masikio ni lazima.

Baada ya hayo macho hupimwa. Kila mtu ana jicho moja linalotawala jingine. Kijana hunyosha mikono, akafanya tundu dogo kwa vidole, akatazama kitu cha mbali kwa kupitia tundu hilo. Kisha hufumba jicho moja, halafu jingine. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo mtawala. Kama jicho mtawala ni la kushoto, naye apiga kwa bega la kulia, risasi zaweza kwenda pembeni hata akijitahidi vipi. Wengi wamevunjika moyo bure kwa kutojua jambo hili dogo.

Halafu hufundishwa kusimama: mguu wa mbele uchukue uzito zaidi, kitako cha bunduki kikae imara begani, na shavu lilale juu ya mti wa bunduki. Macho yatazame kisahani, yasitazame bunduki. Kwa kuwa kisahani chakimbia, bunduki nayo lazima ikimbie nacho, wala isisimame hata baada ya risasi kutoka. Anayesimamisha bunduki ili apige vizuri, hupiga mahali kisahani kilipokuwa, si mahali kilipo. Na anayeinua kichwa kabla ya wakati ili aone kama amepata, huyo hukosa.

Mwishowe hupewa risasi, moja tu. Mashine imefungwa ili kisahani kiende mbele moja kwa moja. Kijana asema: “Vuta!” Akosa. Akosa tena. Akosa mara ya tatu. Mara ya nne kisahani kinapasuka vipande hewani.

Hapo ndipo penye hatari kupita zote. Furaha humpanda kijana, anataka kugeuka kumtazama babaye, na bunduki ingali mkononi! Mwalimu mwenye akili amekwisha kusimama karibu, na mkono wake uko tayari penye bega la mwanafunzi. “Mbele, mwanangu. Mdomo wa bunduki mbele. Fungua kwanza, kisha ufurahi.” Vivyo hivyo risasi ikikataa kulia: hageuki nyuma kuuliza. Huielekeza bunduki mbele na kungoja.

Hivyo mtu hujifunza kutopiga kabla ya kujifunza kupiga. Anayekataa somo hili hurudishwa nyumbani, hata awe na shabaha kama nini.

Aliye hodari hurudi nyuma

Wana desturi moja nzuri. Katika mashindano ya aina fulani mtu hodari hasimami pamoja na wanaojifunza. Kadiri anavyoshinda ndivyo anavyorudishwa nyuma, yadi baada ya yadi, mpaka yadi 27. Kwa sababu hiyo mjukuu aweza kushindana na babu yake kwa haki. Nguvu za mwili si neno kubwa hapa. Kinachotakiwa ni jicho, utulivu na mazoezi.

Mwanamke mmoja alilionyesha jambo hili wazi. Annie Oakley alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Ohio, katika nyumba maskini. Babaye alikufa yeye angali mtoto mdogo. Akajifunza kuwinda ili mama na ndugu zake wapate chakula, na nyama iliyozidi akaiuza. Pesa hizo zilisaidia kulipa deni la shamba la mama yake. Baadaye alishindana na Frank Butler, mpigaji aliyesifiwa sana, akamshinda. Butler hakukasirika. Akamwoa, wakakaa pamoja maisha yao yote. Annie alipata sifa hata Ulaya, akafundisha wanawake wengi kulenga. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 62, alivunja visahani 100 mfululizo kutoka yadi 16.

Vijana wa shule

Mwanzoni mwa karne hii klabu nyingi zilikuwa na wazee watupu. Katika jimbo la Minnesota, mwaka 2001, Jim Sable aliona wenzake wamezeeka na hakuna wa kuwarithi. Akaanza kuwafundisha vijana. Kazi hiyo ikakua, na leo maelfu ya wanafunzi, wavulana na wasichana, hucheza kwa jina la shule zao. Mazoezi hufanywa klabuni, si shuleni. Mwanafunzi haruhusiwi kucheza kabla ya kufuzu mafunzo ya usalama. Na hakuna anayeketi pembeni akiwatazama wenziwe, kila aliyejiandikisha hupiga.

Haifai kuficha ubaya wa mchezo huu. Gharama ya risasi si ndogo. Chembe za risasi zikiachwa huchafua ardhi na maji, hivyo klabu nyingi huzikusanya. Hata vipande vya visahani vina madhara: nguruwe akila lami ile aweza kufa. Na bunduki ya mchezo ni bunduki. Ikiachwa wazi nyumbani, mtoto hatajua kwamba ni ya mchezo. Kwa hiyo wenye busara huifungia kwa kufuli, na risasi huzifungia mahali pengine.

Neno kwa wazazi

Wengi wetu hatutasimama kamwe katika kiwanja cha namna hiyo. Lakini kila nyumba ina kitu chenye makali au chenye nguvu: panga, moto, pikipiki, hata ulimi. Mara nyingi tunamfundisha mtoto kukitumia, nasi tunasahau kumfundisha kujizuia.

Wawindaji wa njiwa wahamaji walijua kulenga vizuri sana. Hakuna aliyewafundisha kuacha. Yule kijana wa klabuni bado hukosa visahani vingi, lakini amekwisha kujua kufungua bunduki yake kwanza, ndipo afurahi. Siku moja shabaha yake nayo itakuwa nzuri.