Ushindi wa Mwanamichezo Hujengwa Kila Siku

Tarehe 2 Septemba, 1972, askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alisimama katika njia ya ndani kabisa ya uwanja wa Olimpiki mjini Munich. Njia hiyo haipendwi na wakimbiaji wa viunzi, kwa kuwa kona zake ni kali kuliko za njia nyingine. Hata hivyo alimaliza mita 400 kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Bingwa wa mwaka 1968, David Hemery wa Uingereza, alikuwa wa tatu. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ambayo Uganda iliipata katika Olimpiki.

Wengi hudhani kuwa ushindi wa namna hiyo ni bahati au kipaji kitupu. Kipaji kinahitajika, lakini kinachomwezesha mwanamichezo kufanya vizuri leo, kesho na mwakani ni mazoea yake ya kila siku.

HESABU YA HATUA

Mbio za mita 400 za kuruka viunzi zina viunzi kumi, na kati ya kimoja na kingine pana mita 35. Anayepiga hatua 13 au 15 katika nafasi hiyo huruka kila kiunzi kwa mguu ule ule. Akichoka, hatua hufupika. Na zikiwa 14, hana budi kukiruka kiunzi kinachofuata kwa mguu mwingine. Asiyeizoeza miguu yote miwili husitasita na kupoteza mwendo.

Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote. Mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimrusha viunzi tena na tena hali amevaa kizibao kizito. Ujuzi huo haupatikani kwa juma moja la kambi kabla ya safari. Mwili hujifunza kwa kurudia, hata jambo likafanyika pasipo kufikiri. Mtu akishikwa na hofu au uchovu, hushika lile alilolizoea. Na kama hakuzoea kitu, hana la kushika.

MFANO WA KAPTAGAT

Nchini Kenya, Eliud Kipchoge alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Kwa miaka mingi alifanya mazoezi katika kambi ya Kaptagat chini ya mwalimu Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha mjini Barcelona mwaka 1992.

Ratiba ya kambi ile ilijulikana na kila mmoja. Jumanne ilikuwa ya mazoezi makali ya uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, na Jumamosi mbio za kubadili mwendo. Siku za katikati walikimbia polepole, na mwisho wa juma walirudi kwa jamaa zao. Usafi ulifanywa kwa zamu, naye bingwa wa dunia alisafisha choo kama mwenziwe.

Ratiba hiyo ina sababu. Mazoezi makali huuchosha mwili. Nguvu huongezeka wakati wa kupumzika, kula na kulala. Anayejikaza kila siku bila kupumzika hujiumiza, na anayepumzika bila mpango hudhoofika. Isitoshe, tangu mwaka 2003 Kipchoge ameandika mazoezi yake katika daftari. Daftari halisahau wala halijisifu. Humwonyesha mtu ni lini alianza kuchoka, na ni kitu gani kilichomsaidia.

KAZI YA ASKARI NA UTULIVU WA NYUMBA

Askari atasema kwamba saa zake si zake, kwa kuwa leo yuko lindoni usiku na kesho yuko safarini. Ni kweli. Basi asipoweza kushika saa, na ashike mfuatano: alale, anywe maji, ale chakula chepesi, afanye mazoezi, aoge, ale vizuri, apumzike. Mfuatano huo waweza kuanza alfajiri au alasiri bila kuvunjika.

Hapa ndipo jamaa wanapohitajika. Aliyetoka lindoni asubuhi anahitaji chumba chenye giza na watoto wanaocheza mbali na dirisha. Anahitaji chakula cha kawaida kilicho tayari kwa wakati: ugali au ndizi, maharage, mboga za majani, na maziwa yakipatikana. Vyakula vigeni visijaribiwe siku ya mashindano. Na kama mwanamichezo ni mama wa nyumba, baba na ashike jiko. Peruth Chemutai, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021, amewaonyesha mabinti wengi kwamba njia iko wazi.

UTARATIBU UNAPOVUNJIKA

Mambo ya Akii-Bua yana funzo jingine. Mwaka 1976 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, naye hakupata nafasi ya kutetea taji lake. Vita vya mwaka 1979 vikamfanya akimbilie Kenya kama mkimbizi. Alipokwenda Moscow mwaka 1980, hakufika fainali. Umri ulikuwa umesogea, ndiyo. Lakini ni nani awezaye kulinda saa za mazoezi na usingizi wakati anapotafuta usalama wa jamaa yake? Utaratibu wa mwanamichezo husimama juu ya amani ya nyumba na ya nchi, na wanaoilinda amani hiyo wana sehemu yao katika kila medali.

Ndugu msomaji, kama nyumbani mwako yumo kijana anayekimbia, anayecheza mpira au anayepiga ngumi, usimngojee uwanjani kumshangilia. Mnunulie daftari, mwekee saa ya kulala, mpe naye zamu yake ya kufagia. Haba na haba hujaza kibaba.