Gavana akiondoka bila naibu

Mkuu wa Mkoa wa Katavi akihamishwa, Ikulu hutoa taarifa, mwingine akapangiwa Mpanda, na kazi za kila siku hubaki mikononi mwa Katibu Tawala. Ibara ya 61 ya Katiba yetu inampa Rais mamlaka ya kumteua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Kwa utaratibu huo hakuna urithi wa kugombewa mahakamani.

Kenya mambo ni tofauti, kwa kuwa wananchi humchagua gavana pamoja na naibu wake. Kwa Ibara ya 182 ya Katiba ya 2010, gavana akifariki, akijiuzulu au akiondolewa, naibu hushika nafasi mpaka muhula uishe. Naibu naye asipokuwepo, spika wa bunge la kaunti hukaimu na uchaguzi hufanyika ndani ya siku 60.

Nairobi ilikwama hapo. Naibu wa Gavana Mike Sonko, Polycarp Igathe, alijiuzulu Januari 2018 na nafasi ikaachwa wazi. Miaka miwili baadaye Sonko alimpendekeza Anne Kananu, ila kesi ikazuia asithibitishwe. Desemba 17, 2020 Seneti ilimwondoa Sonko. Spika Benson Mutura akakaimu, uchaguzi ukapangwa Februari 18, 2021. Kabla haujafika, kesi iliyomzuia Kananu iliondolewa, bunge la kaunti likamthibitisha, na Januari 15 akala kiapo cha unaibu.

Je, aliyepata unaibu baada ya ugavana kuwa wazi anaweza kuurithi? Waliompinga walishikilia kwamba Sonko alipoondoka bila naibu, uamuzi ulirudi kwa wapiga kura. Juni 2021 Mahakama Kuu ilisema unaibu wa Kananu ni halali. Novemba, baada ya vuta nikuvute katika Mahakama ya Rufani, aliapishwa kuwa gavana. Kwangu mimi, hoja ya waliompinga ilikuwa nzito: jiji la watu zaidi ya milioni 4 lilipata gavana ambaye hakuwa kwenye karatasi ya kura ya ugavana.

Na njia ilikuwepo. Mwaka 2018, kwa ombi la spika wa Embu, Mahakama ya Juu ilishauri kwamba unaibu ukiwa wazi, gavana apendekeze mtu ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Ushauri huo ungefuatwa Nairobi, Sonko angeondoka akimwacha naibu aliyekwisha kuapishwa.