Michezo ya zamu: Simu au kishikwambi?

MCHANA wa Jumapili katika mtaa wa Nyayo Highrise, jijini Nairobi, si ajabu kuwakuta wanaume wawili wameuinamia ubao wa drafti huku wengine wanne wakiwa wamesimama nyuma yao, wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kete ni vifuniko vya chupa za soda. Mmoja amevilaza vyake chali, mwenzake kifudifudi, na mchezo huendelea hadi giza linapoingia.

Orofa tatu juu yao, huenda kuna kijana anayecheza mchezo wa jamii iyo hiyo peke yake kwenye simu. Naye hungoja zamu yake, hupima nia ya mpinzani na hujutia haraka yake. Tofauti ni kwamba ubao wake mzima umo kiganjani, na mshauri hana.

Kati ya ubao wa mbao na simu hiyo kuna kifaa cha tatu, nacho ni kompyuta kibao, au kishikwambi kama kinavyoitwa nchini Tanzania. Wakenya wengi walikizoea mnamo Agosti 2019, makarani wa sensa walipobisha milangoni wakiwa na vifaa hivyo badala ya makaratasi. Wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma walikuwa wameanza kuvipokea mwaka wa 2016 chini ya mpango wa serikali wa masomo ya kidijitali.

Kwa mzazi wa Nyayo Highrise, mtaa unaopakana na Kibera katika eneobunge la Lang'ata, swali huja hivi: mtoto anapenda michezo ya kufikiri, na pesa zilizopo zinatosha kifaa kimoja tu. Je, anunue simu nyingine au kishikwambi?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuelewa mchezo wenyewe unadai nini.

Michezo ya mikakati ya kupokezana zamu ni ile ambayo mchezaji mmoja hufanya hatua yake, kisha humwachia mwenzake au mashine. Hakuna anayeshinda kwa wepesi wa vidole. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa aina hiyo. Ajua ya Waluo na giuthi ya Wakikuyu ni ndugu zake, na sataranji na drafti zimo katika ukoo uo huo.

Michezo mipya ya kompyuta imefuata kanuni iyo hiyo, ila imepanua ubao ukawa nchi nzima yenye miji, majeshi, mashamba na bahari. Mashuhuri kati yayo ni Civilization, ambao mchezaji huanza na kijiji kimoja na kukikuza hadi kiwe dola.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya kuujua mchezo huo. Wimbo wa kufungulia toleo la nne, lililotoka mwaka wa 2005, ni 'Baba Yetu' wake Mmarekani Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mnamo 2011 wimbo huo ulitunukiwa tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kufanya hivyo. Katika toleo la sita, Zanzibar ni mojawapo ya miji huru, na anayejipatia usuhuba nayo kuwashinda wenzake huvuna mdalasini na karafuu.

UBAO MZIMA

Sifa ya kwanza ya mchezo wa zamu ni kwamba mchezaji anapaswa kuuona ubao wote kwa pamoja. Mcheza drafti haangalii kete moja, bali huangalia mtego unaotegwa kona ya pili. Hapo ndipo ukubwa wa kioo huwa hoja nzito.

Vioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Kipimo hicho huwapotosha wanunuzi wengi. Simu ya inchi 6.5 ikiwekwa kando ya kishikwambi cha inchi 10, mtu hudhani kuwa kishikwambi kimeizidi kwa nusu tu. Lakini simu za siku hizi ni ndefu na nyembamba. Kioo cha simu kama hiyo kina takriban sentimita mraba 102, ilhali cha kishikwambi kina zipatazo 290. Tofauti ni karibu mara tatu.

Chukua mfano wa sataranji, yenye miraba minane kwa minane. Kwenye simu hiyo, upana wa kioo ni karibu sentimita 6.8, hivyo kila mraba hupata milimita 8.5. Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android kwamba mahali pa kuguswa pasipungue takriban milimita 9, kwa kuwa ncha ya kidole cha mtu mzima hufunika nafasi kubwa kuliko mwenyewe anavyodhani. Kwa hiyo sataranji kwenye simu iko chini kidogo ya kiwango hicho. Kwenye kishikwambi, mraba uo huo hupata milimita 17.

Kosa la milimita moja katika mchezo wa mbio husahaulika mara moja. Katika mchezo wa zamu, kidole kikigusa mraba usiokusudiwa, malkia amepotea, na kazi ya nusu saa imekwenda na maji.

La kushangaza ni kwamba bao halipati taabu hiyo. Simu ikilazwa ubavu, safu nne za mashimo manane hukaa vizuri, kila shimo likiwa na nafasi ya milimita 17 hivi. Umbo la ubao wa bao, refu na jembamba, linafanana na umbo la simu ya leo.

Mambo hubadilika ubao unapokuwa nchi. The Battle of Polytopia, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Midjiwan ya Uswidi na kutolewa mwaka wa 2016, una ramani ndogo ya miraba 121 na kubwa ya miraba 900. Ile ndogo hutazamika kwenye simu bila taabu kubwa. Ile ya 900, mtu akitaka kuiona yote kwa pamoja, kila mraba hubaki na upana wa takriban milimita mbili. Hana budi kuivuta ramani huku na huku, na adui anayejongea upande usioonekana husahaulika.

Watengenezaji wenyewe walitambua jambo hili mapema. Toleo la sita la Civilization lilipelekwa kwenye iPad mnamo Desemba 2017, na likangoja hadi Oktoba 2018 kufika kwenye iPhone. Liliundwa kwanza kwa kompyuta, na kioo kikubwa kililipokea kwa urahisi zaidi. Polytopia, kwa upande wake, ilikatwa kama nguo kwa kipimo cha simu: michoro yake ni sahili, maandishi ni machache, na moja ya namna zake za kucheza humalizika baada ya zamu 30.

ZAMU HUSUBIRI

Ikiwa mizani ingekuwa na kioo peke yake, kishikwambi kingeshinda. Lakini mchezo huchezwa katika maisha, na maisha ya Nairobi yana vishindo vyake.

Mchezo wa zamu una subira. Simu ikilia katikati ya mchezo wa kandanda, bao limefungwa. Ikilia katikati ya sataranji isiyopimwa kwa saa, vipande hubaki palepale. Abiria huweza kucheza hatua mbili ndani ya matatu, akashuka karibu na Soko la Kenyatta, akanunua mboga, na kumalizia mchezo jioni. Kwa matumizi ya aina hiyo, kifaa bora ni kile kilichomo mfukoni. Kishikwambi hakiingii mfukoni, na kukitoa kando ya dirisha la matatu lililo wazi ni kumwalika mnyakuzi.

Subira hiyo hupunguza gharama pia. Hatua moja ya sataranji huandikwa kwa herufi na tarakimu nne tu, kwa hiyo kucheza na rafiki aliye Mombasa au Kisumu hula data kidogo mno kuliko kutazama video. Michezo mingi ya zamu huchezwa hata bila intaneti, mpinzani akiwa mashine. Gharama kubwa hutokea siku ya kuipakua: michezo mikubwa kama Civilization hudai gigabaiti kadhaa, na simu ya bei nafuu iliyojaa picha na video haina nafasi hiyo.

Umeme nao una neno. Betri ya kishikwambi huwa kubwa, lakini kioo chake pia hunywa zaidi. Siku stima zinapopotea, kama zilivyopotea karibu nchi nzima mnamo Agosti 25, 2023, chaji iliyobaki kwenye simu ni ya kupigia jamaa na kulipia bidhaa, wala si ya kutekea miji ya kubuni.

MKOBA WA NYUMBA

Hapo ndipo penye suala ambalo wazazi hulisahau dukani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, simu nchini Kenya imekuwa mkoba. Humo ndimo ilimo kodi ya nyumba, karo na akiba ya chama. Mtoto anapokabidhiwa simu ya mamake ili acheze, amekabidhiwa mkoba huo pia.

Isitoshe, michezo mingi inayoitwa ya bure si ya bure hadi mwisho. Civilization ya toleo la sita huruhusu zamu 60 za kwanza bila malipo, kisha hudai pesa. Mingine huuza majeshi, vito au muda. Ikiwa akaunti ya simu imeunganishwa na njia ya kulipia, miguso michache ya kidole hugeuka kuwa deni la mzazi. Kishikwambi kisicho na laini ya simu, kisichounganishwa na malipo na kilichowekewa nywila, huutenga mchezo na mkoba.

Kuna faida nyingine isiyotajwa kwenye matangazo ya biashara. Neno 'kibao' ni udogo wa 'bao', na kompyuta kibao ikilazwa mezani hurudi kuwa ubao kweli. Ndugu wawili huketi pande mbili, wakapokezana zamu, na babu akasimama nyuma yao akatoa ushauri usioombwa. Simu huvuta uso wa mtu mmoja, ilhali kishikwambi huacha nafasi ya mtu wa pili. Katika nyumba yenye watoto watatu na kifaa kimoja, tofauti hiyo huweza kuwa ndiyo amani ya jioni.

KABLA YA KUNUNUA

Mwaka wa 2011, simu ya Huawei IDEOS iliyouzwa na Safaricom kwa takriban Sh8,000 iliwafungulia Wakenya wengi mlango wa simu za kisasa. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8. Simu za leo zimekua kiasi kwamba kwa sataranji, drafti, bao na michezo mifupi kama Polytopia, anayeimiliki moja hana haja ya kukopa ili anunue kishikwambi. Hii ni kweli zaidi kwa vifaa vya kulipia polepole, ambavyo hujifunga malipo yanapokatika.

Kishikwambi kinafaa pale penye mambo matatu kwa pamoja: mchezo una ramani kubwa, kifaa kitakaa nyumbani, na wachezaji ni zaidi ya mmoja. Likikosekana moja, simu inatosha. Anayekinunua na akipime dukani kwanza kwa kufungua ubao wa sataranji, kusogeza kipande kwa kidole gumba na kuangalia kama amekiweka alipokusudia. Kifaa cha bei ya chini mno ambacho kioo chake huchelewa kuitikia kitamtesa mchezaji kuliko simu ndogo iliyo njema.

Naye asiye na uwezo wa kununua chochote hajakosa mchezo. Ubao wa drafti ungali chini pale, vifuniko vya soda ni vya kuokota, na zamu itamfikia.