Usanifu, Ufundi na Amali

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, sambamba na mkondo wa jumla. Yafaa basi tutenganishe istilahi tatu. Usanifu ni kukifikiri na kukichora kitu kabla hakijaundwa. Ufundi ni ustadi wa kukiunda. Amali, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kazi yenyewe. Mwanafunzi wa Iyula, mkoani Songwe, akichora kiti, akabana ubao kwenye jiriwa na kuupiga randa, ameyatimiza yote matatu. Lakini sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Maneno haya yasipoingia karakana za shule, mwanafunzi na seremala wa kijijini kwake hawataelewana. Twapendekeza yatumike.